Macho Tuliyoyaacha Kambini

Mama Safi alifika Bunia siku ya Jumanne. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango langu kule Mudzipela, vumbi limemfunika hadi kwenye kope, kitambaa cheusi cha kilio kichwani. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka kumi. Alisema kwamba mume wake, Muzee Masudi, alifariki Epulu kabla ya mvua kuanza, kwamba walimzika vizuri, na kwamba Jumapili inayokuja watu wa ukoo watamvua kilio. Kwao mjane havuliwi kilio mpaka maneno yote yaliyobaki kati ya marehemu na watu yamesemwa. Aliyemkosea aseme, aliyekosewa naye aseme, na yasiposemwa yanabaki juu ya mjane kama mzigo wa kuni ambao hakuna wa kumtua. Basi alikuwa amezunguka kwa watu wote, kijiji kwa kijiji. "Nimebakisha mutu mumoja," aliniambia, akiwa amekaa kwenye kochi langu la ngozi bila kuegemea. Hakusema mtu huyo ni nani. Nami, mwenye diploma mbili na miaka mingi ya kuzungumza mbele za watu, nilimwuliza kama amekula.

Wanaonijua mjini hapa wanajua kwamba mimi si mtu wa kukosa maneno. Nimejijenga mwenyewe. Nyumba hii ya wageni yenye vyumba tisa, studio ya picha iliyo mbele yake, jenereta, tangi la maji, vyote vimetoka kwenye mikono hii na kwenye karatasi mbili za shule zilizotundikwa sebuleni ndani ya vioo. Vijana wa Bunia wanaotaka kujua kazi ya picha wanakuja kwangu. Maprofesa wakirekodi sauti ya ndege wasiyemjua, wananitumia mimi, na sijawahi kulala bila kuwapa jibu. Lakini lazima niseme pia kwamba nimechoka. Miaka mingi sasa simpeleki mgeni yeyote porini. Barabara ya kwenda kule ina habari zake za watu wenye bunduki, kila mtu hapa anazijua, sina haja ya kuzirudia. Kamera ziko kabatini, na mpira wa lenzi umeanza kunata kwenye vidole. Siku tatu Mama Safi alikaa kwangu. Alikula sombe kidogo, yale majani ya mihogo, alikunywa chai nyingi, alimsaidia mke wangu kuchambua mchele barazani, na kila nilipopita aliniangalia kwa utulivu, kama mtu anayengojea gari ambalo anajua litafika. Nilianza kupitia mlango wa nyuma wa nyumba yangu mwenyewe. Na katika siku zile tatu mwaka ule wote ulinirudia, mwaka niliorudi nchini, ambao nimekuwa nikiusimulia kwa watu kwa namna moja tu.

Nilirudi kutoka Kampala nikiwa na miaka ishirini na saba. Sikusomeshwa na mtu. Miaka minne niliosha vyombo kwenye hoteli karibu na kituo cha mabasi, mchana nikapiga picha za pasipoti, jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma ya utalii na diploma ya picha, zote kwa alama za juu. Niliingia kupitia Aru, na lenzi yangu ndefu nimeizungushia taulo ili watu wa forodha waidhanie ni chupa ya chai, nao walidhani hivyo. Mmoja aliniuliza kama imebaki kidogo. Bunia wakaniita Diplome. Sikukataa jina hilo, nililifanyia kazi. Haukupita mwezi kabla sijapata nafasi katika kampuni ndogo ya utalii, ambayo ilikufa zamani pamoja na mwenyewe, iliyokuwa ikipeleka wapenzi wa ndege kwenye msitu wa Epulu. Nilipewa mwaka mmoja wa majaribio. Ikiwa wageni wataridhika, nitakuwa mkuu wa maguide wote. Wasiporidhika, nitarudi kwenye picha za pasipoti. Patron, huyo mwenye kampuni, aliniambia hivyo akiwa amesimama, na mimi nikamjibu nikiwa nimekaa, kwa kuwa nilikuwa na uhakika.

Epulu walinipa chumba cha mbao nyuma ya ghala la kampuni. Kitanda kilikuwa cha kamba, chandarua kina viraka vya rangi tatu, na kila kitu kilichokaa humo wiki moja kiliota ukungu: viatu, mkanda, daftari, hata mkate. Mtu aliyetoka kwenye baridi ya Bunia anadhani anajua maana ya unyevu. Hajui. Nililaza lenzi yangu ndani ya ndoo yenye mchele mkavu na kifuniko, jambo nililojifunza shuleni, na wapishi walicheka sana kwamba Diplome anapikia kamera yake chakula. Jiko lilikuwa kibanda kilicho wazi pande zote, kinachotazama mto, na hapo ndipo nilipomjua Muzee Masudi. Alikuwa Mumbuti, wa wale wawindaji wa msituni, mfupi, kifua kipana, na kazi yake ilikuwa pisteur, yaani mtu anayetangulia porini na kuwapata ndege ambao sisi wengine tunawaandika na kuwapiga picha. Kampuni ilikuwa na mapisteur wanne, na yeye peke yake kati ya Wambuti alikuwa na mkataba ulioandikwa, unaofanywa upya kila mwaka. Alipewa shati la kijani na buti. Shati alilivaa, buti alizining'iniza shingoni kwa kamba, akasema zinajua njia kuliko miguu yake, ziende kwanza. Miguu yenyewe ilikuwa na mabaka meupe kwenye mifupa ya mbele, na aliikuna akiongea. Watu wengi wa kando ya mto ule walikuwa na mabaka yale. Ni nzi wadogo weusi wa mtoni wanaoyaleta. Kila mwaka walikuja watu wa afya na fimbo yenye alama, wanakupima urefu, wanakupa vidonge kulingana na kimo chako. "Siye bafupi tunapata kidogo," Masudi alisema, na jiko zima likacheka.

Mke wake, Mama Safi, alikuja naye kila safari. Alibeba sufuria na makemba, zile ndizi za kupika, kwenye kikapu kilichofungwa kwa ukanda wa gome kipajini, na hakuna aliyemlipa. Ilihesabiwa kwamba anamfuata mume. Kumbe hakuwa akimfuata, alikuwa mbele yake. Njiani alitangulia hatua mbili, na alikuwa akiongea. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, bila kugeuka, na Masudi alijibu neno moja au alikoroma tu. Wakati mwingine walicheka. Nilimwuliza Masudi wanaongea nini wakati wote huo. "Mambo ya nyumba," alinijibu. "Muke na bwana bakianza kunyamaza, weye ujue kuna shida."

Mgeni wa kwanza mkubwa niliyepewa alikuwa Madame Greta, mwalimu mstaafu kutoka Ulaya, mwenye magoti mabaya na kamera nzuri kuliko yangu. Siku zake zilikuwa nne tu. Alikuwa amekwisha kuona ndege wa nchi nyingi, na alikuja kwetu kwa ajili ya mmoja: tausi wa Kongo, yule anayetembea chini msituni wawili wawili, ambaye hata watu waliozaliwa kule wanaweza kuzeeka hawajamwona zaidi ya mara tatu. Akipata picha yake, atawaleta wenzake, watu kumi na wawili, mwaka unaofuata. Patron alinipigia simu kutoka Bunia. "Diplome, hii njo mutihani yako." Nilimwambia mitihani mimi huwa sishindwi.

Tulitoka asubuhi, tukatembea nusu siku, tukapiga kambi kando ya kijito. Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilianza kupanga maneno ya kumwambia Patron. Mama Safi ananong'ona, Masudi anasimama, anainua kidevu kuelekea juu, nami naelekeza lenzi: kulukulu mkubwa wa buluu, watano kwenye mti mmoja, wakirukaruka matawini kama watoto waliotoka shule. Anasimama tena, kidevu kulia: hondohondo, mabawa yake yakivuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Madame Greta alikuwa akiandika kwenye daftari huku akitabasamu peke yake. Mchana tulikula makemba na bitoyo, samaki wa chumvi wa ziwani, na asali ambayo Masudi aliitoa kwenye mti bila hata kuvua shati la kampuni. Kitu kimoja tu kilinikera. Shuleni tulifundishwa kwamba msituni ni kimya, na mwalimu wetu aliliandika neno hilo kwa herufi kubwa. Na hapa nilikuwa na mwanamke anayeongea mbele ya msafara wangu, mbele ya mgeni aliyesafiri bara zima. Nilimwambia mara ya kwanza kwa adabu: "Mama, mu pori ni kunyamaza." Alijibu, "Sawa, Diplome," na baada ya hatua tano akanong'ona tena.

Siku ya tatu, kabla ya jua kupenya kwenye majani, Masudi aliwasikia tausi mbali, ng'ambo ya kijito. Mimi sikusikia chochote isipokuwa maji. Tulijitayarisha haraka, na nilipomwona Mama Safi anainua kikapu, nilinyoosha mkono. "Mama, leo weye ubakie. Utupikie tu."

Alimwangalia mume wake. Masudi alikuwa akifunga kamba ya buti shingoni, akaacha. "Umuache akuje," alisema. "Kule kwenye tunaenda, njia iko mubaya. Yee anaijua."

"Muzee, pisteur ni weye ao ni yee?"

"Ni mie."

"Kampuni iliandika jina ya nani mu mukataba?"

"Yangu."

"Basi."

Niliyasema hayo kwa sauti ya kusikika, kwa sababu Madame Greta alikuwa akitazama na nilitaka aone ni nani anayeongoza. Masudi aliirudia kamba yake, akaikaza. Mama Safi aliweka kikapu chini, akasema maneno matatu au manne kwa lugha yao, taratibu, kama unavyomwambia mtu mahali ulipoweka ufunguo. Kisha akaanza kumenya makemba. Mpaka leo naweza kuona kisu chake. Nimezeeka nikiwafundisha vijana kwamba kiongozi asiyeamua hafai kitu, na kila nikisema hivyo naona kile kisu kikizunguka kwenye ganda la kijani.

Masudi alituongoza polepole sana. Alikata fimbo, jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya, na aliipeleka mbele yake chini kidogo. Nilidhani ni kwa ajili ya nyoka. Tulivuka kijito kwa kushikana mikono. Alisimama mara nyingi, kichwa kimeinama, akatupeleka kushoto, akatupeleka kulia, na kwa kweli sijawahi tena kuona kazi kama ile: alitufikisha kwa tausi wale kwa masikio matupu. Sauti ilikatika. Tulitoka nyuma ya mti mkubwa wenye mizizi kama kuta, na nikawaona. Walikuwa hatua kumi na tano kutoka kwetu, mahali palipo wazi, dume na jike, wakipekua majani. Shingo ya dume ilikuwa na wekundu ambao hakuna picha iliyowahi kuupata. Nilipiga goti, nikainua kamera, Madame Greta naye akainua yake. Na Masudi, ambaye alikuwa mbele yetu, aliendelea kutembea. Hakupunguza mwendo. Alitembea moja kwa moja kuelekea kwao, fimbo mbele, kichwa kimeinama kusikiliza ndege waliokuwa mbele ya uso wake. Waliruka kwa kishindo. Picha yangu ni majani na mgongo wa shati la kijani.

"Muzee!" nilipiga kelele. "Haukubaona? Balikuwa mbele yako!"

"Banaenda wapi?" aliuliza. "Banaenda wapi? Mie nasikia mabawa."

Madame Greta alishusha kamera. Alimfikia, akasimama mbele yake, akapitisha kiganja chake polepole mbele ya macho yale, kulia, kushoto. Masudi alitabasamu kuelekea mahali ambapo hakuna mtu. "Huyu baba haoni," Madame aliniambia kwa Kifaransa. Hakuwa amekasirika. Ilikuwa sauti ya mwalimu anayekuta mtoto hodari amekaa darasani mwaka mzima bila kuona ubao. Ndipo nilipoelewa mambo ya nyumba yalikuwa nini. Tawi hili, shimo hili, ndege yuko juu kulia, mgeni amechoka magoti. Mmoja aliona, mwingine alisikia, na watu wawili wale walikuwa pisteur mmoja aliye bora kuliko wote Epulu. Mimi nilikuwa nimemwacha nusu yake kambini anamenya makemba.

Alasiri tulikula kambini. Sombe ya Mama Safi ilikuwa na mawese mengi na pilipili kidogo, nakumbuka hivyo kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Madame Greta alipokwenda kupumzika kwenye hema, Masudi alikuja, akachuchumaa karibu na ndoo yangu ya mchele. Mke wake alisimama nyuma yake na kumgusa bega, kumwonyesha nimekaa upande gani.

"Mutoto yangu," alisema. "Ile ya leo ibakie mu pori."

"Kutoka lini, Papa?"

"Ni mwaka ya pili sasa, juu ya zile nzi za mutoni. Ilianza mu pembeni, ikakuja katikati. Balikuwa banapima urefu tu, hakuna mutu alipima macho." Alicheka kidogo, akaacha. "Ukiandika, watanitosha mu kazi. Iko watu wanasema Mumbuti hawezi kushika mukataba. Yangu inaenda mwaka ya sita."

"Nimesikia, Papa," nilisema.

Nilisikia, na zaidi ya hapo sikumwahidi. Siku ya nne ilikuwa ya kurudi tu, na nilipofika kwenye chumba changu cha mbao, daftari la ripoti lilikuwa mezani, limeota ukungu pembeni. Kila guide aliandika ripoti baada ya safari. Patron alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili kuuliza kama mgeni alipata picha. Niliifikiria hoteli ya Kampala na lile beseni la vyombo, harufu yake, maji yaliyopoa yenye mafuta. Nikaandika kwamba mgeni hakupata picha ya tausi kwa sababu pisteur Masudi haoni, na kwamba kwa usalama wa wageni inafaa apumzishwe. Niliisoma mara tatu. Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonipa nguvu ya kusaini. Kwamba kwa siku mbili pisteur huyohuyo alitupatia ndege wote tuliowataka, na kwamba mimi ndiye niliyemtenga na mke wake, hayo sikuyaandika. Hakuna mtu aliyeniuliza. Baada ya wiki tatu Masudi alirudisha shati la kijani, limefuliwa na kukunjwa, buti juu yake bado mpya. Nilimwona kwa mbali kutoka dirishani. Mama Safi alikuwa mbele yake hatua mbili.

Nikapewa pisteur mwingine, kijana mwenye macho makali ambaye angeweza kusoma herufi kwenye risasi inayopita, kama alivyosema mwenyewe. Alikuwa anaona kila kitu kilicho mbele yake, ila ndege hakuwepo mbele yake. Safari ya pili tulitembea siku mbili tukaona njiwa. Wageni walinung'unika, na mwaka wangu wa majaribio ulikuwa umebaki na miezi sita. Basi siku ya Jumatano, wiki mbili tu baada ya lile shati kurudishwa, nilibeba kilo ya sukari, nikaenda kwa Masudi. Alikuwa na nyumba ya udongo kando ya barabara, jiko nyuma, kinu kimelala mlangoni kama mbwa. Nilikaa juu ya kinu kile. Sikusema nimekuja kwa nini, wala yeye hakuniuliza. Mama Safi alisonga bugali, akaniwekea sahani bila kunitazama. Msituni nyuma ya nyumba kitu kililia.

"Ni nani ule?" Masudi aliniuliza.

"Ndege," nilisema.

"Ah, Diplome! Ndege." Alipiga paja lake. "Masikio yako Mungu alikuwekea ya kubebea kofia. Funga macho. Iko juu ao chini? Anaenda ao anakuja? Analia juu ya njaa ao juu ya muke?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatano na kila Jumamosi ambayo sikuwa na wageni, kwa miezi mitano, nilikaa juu ya kinu kile nimefumba macho, na nilipodanganya kwa kuchungulia Mama Safi alinifunga kitenge usoni, akakaza fundo kupita kiasi. Nilijifunza kwamba msitu una ghorofa, na kila ghorofa ina sauti zake. Nilijifunza kumtambua ndege anayemwigiza mwenzake, na kwamba kimya cha ghafla nacho ni jina la mnyama. Nilikula makemba, sombe, uyoga, nyama niliyokatazwa kuuliza jina lake. Nilisikia ugomvi wao mdogo juu ya chumvi, na jinsi alivyomwambia kwa sauti ileile ya chini mahali kilipo kikombe, mahali ilipo miguu ya mgeni. Mwisho wa mwaka nilimpeleka mgeni kwa tausi, kwa masikio yangu mwenyewe, naye akapata picha. Patron alikuja hadi Epulu kunipa mkono. Nikawa mkuu wa maguide. Kila nilichojenga Bunia kimesimama juu ya miezi ile mitano. Na watu wakiniuliza, huwa nawaambia nilijifunza mwenyewe msituni, kwa subira na kwa kinasa sauti. Nimelisema hilo redioni. Nimelisema mbele ya maprofesa. Mtu akilisema jambo miaka mingi linakuwa kama meno yake, hashtuki tena kulikuta mdomoni.

Ijumaa asubuhi Mama Safi alisema kwamba kesho atarudi. Mke wangu alikuwa ameleta chai na mikate, mvua ilikuwa inatishia, sebule ina giza kidogo. Mama Safi alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa matundu. Ilikuwa na kichwa cha kampuni yetu.

"Njo barua ya kumutosha Muzee mu kazi," alisema. "Mie sikusoma. Weye unajua Kifaransa. Usome yote, usiache kitu."

Niliisoma kwanza kimoyomoyo, kama tunavyofanya sisi tuliosoma, ili kujua inakoelekea. Ilikuwa fupi. Mstari wa pili ulisema, kufuatana na ripoti ya guide, kisha jina langu lote, na baada ya jina, mwenye diploma, kwa sababu siku zile nilidai iandikwe hivyo kila mahali. Niliona njia ya kupita. Ningeweza kusema kufuatana na ripoti ya kazi, nikaendelea, na mke wangu angemimina chai. Mama Safi alikuwa ananitazama. Nilisafisha koo, nikasoma kwa Kiswahili, taratibu, na nilipofika pale nikalisoma jina langu. Mke wangu alisimama na birika mkononi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja zaidi: imesomwa kwa Kiswahili mbele ya mhusika. Na kando yake alama ya kidole gumba, wino wa zambarau umefifia.

Muzee alisomewa. Nilikaa na karatasi ile magotini. Ile Jumatano ya kwanza, nikiwa juu ya kinu na sukari yangu, alikuwa amekwisha kulisikia jina langu. Na Jumamosi yake, na miezi yote mitano.

"Mama," nilisema, "kuna kitu hakimo humu. Ni mimi nilikuambia ubaki kambini. Sikuandika hivyo. Niliandika ya macho yake tu." Sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu, na lilitoka kwa sauti ndogo ambayo watu wa redio hawajawahi kuisikia kwangu.

Alichukua karatasi, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake. "Safi alinisomea hii barua kitambo," alisema, akimtaja binti yake, ambaye siku hizi ni mwalimu. "Tangu yuko anamaliza shule. Jina yako iko mu mustari ya pili. Nilikuwa naangalia mudomo yako kama itaruka."

"Na kama ingeruka?"

"Ningekunywa chai, nirudi. Batu bangeniuliza, yote imeisha? Ningesema, iko mumoja alikataa."

Mvua ilianza kupiga mabati, nikavuta kiti changu karibu naye. Kisha nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelikimbia siku tatu ndani ya nyumba yangu mwenyewe: Muzee alisema nini juu yangu, siku zile nilipokuwa nakuja.

"Nilimuuliza hivyo," alisema. "Nilikasirika sana. Nilimuambia, huyu mutu anatosha mukate yetu mu mukono, na mie niko nasonga bugali yake? Akasema, umupikie. Mutu akitembea na kosa yake anasikia njaa sana."

Mke wangu aliondoka sebuleni. Mama Safi aliurudisha mkunjo wa karatasi ndani ya fundo la kitenge, akavuta kikombe, akatia sukari, akakoroga kwa muda mrefu.

"Ya Muzee imeisha, Jumapili banaweza kunivua kilio," alisema. "Ile kosa yako, mie siibebi tena, sasa ni weye na Muzee."